Mashine Ndiyo Huchagua Kadi

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zilitumika kwanza maofisini huko Ulaya na Marekani. Dell OptiPlex, HP Compaq Elite, Lenovo ThinkCentre: ni mashine imara, zilizoundwa kwa barua, majedwali na hesabu. Zikifika kwetu hupewa kazi nzito zaidi, kama kuhariri video za harusi, kubuni mabango, kuchora ramani za nyumba au kucheza gemu. Hapo mwenye mashine huenda dukani na kuuliza, "Kadi nzuri ya grafiki ni ipi?"

Swali hilo limetangulizwa mapema mno. Kadi haiwi nzuri wala mbaya mpaka ijulikane inaingia kwenye mashine gani. Nitalieleza jambo hili kwa kazi tuliyoifanya kwenye OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ya kasha la mnara, yenye prosesa ya Core i5-3470. Mwenyewe ni kijana anayehariri video za sherehe. Bajeti yake ilikuwa ndogo, na kila uamuzi tulioufanya ulianzia kwenye mashine yake kabla ya kugusa orodha ya kadi.

Umeme kwanza

Sloti ya PCI Express ya x16 inaruhusiwa kuipa kadi wati 75 tu, na wati 66 kati ya hizo ndizo zinazopita kwenye njia ya volti 12. Kadi inayohitaji zaidi lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza wati 150.

Pawa saplai ya 7010 ya mnara ni ya wati 275, na haina plagi hata moja ya aina hiyo. Tukapiga hesabu. Prosesa imepimwa na Intel kwa wati 77. Madabodi, RAM, diski na feni tulizikadiria wati 40. Kadi ya wati 75 ikiongezwa, jumla inakuwa wati 192. Inabaki akiba ya wati 80 hivi, na akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu pawa saplai iliyofanya kazi zaidi ya miaka kumi haifai kusukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake. Mpaka wetu ukawa wazi: wati 75, bila plagi.

Hapa ndipo wengi huuziwa hatari. Utaambiwa kuna waya wa kubadilisha, unaochomekwa kwenye plagi ya SATA ya diski upande mmoja na kutoa pini 6 upande wa pili. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inaiahidi kadi wati 75. Kadi ikidai haki yake yote, pini hizo hupitisha umeme kuliko kiwango chake, zinapata moto, na plastiki inaweza kuyeyuka au kuwaka. Kadi inayohitaji waya huo si ya mashine hii, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupwa.

Kasha na matundu

Kasha la mnara lina nafasi nne za kadi zenye kimo kamili, kwa hiyo kadi nene inayoziba nafasi mbili iliingia bila shida. Mwenye 7010 ya kasha jembamba hana uhuru huo. Anahitaji kadi ya nusu kimo, yenye bamba fupi la nyuma, na lazima apime umbali hadi kwenye pawa saplai kabla ya kulipa. Asome pia maelezo ya mtengenezaji, kwani makasha membamba mara nyingi huwekewa kikomo cha chini ya wati 75 kwenye sloti.

Jambo la pili ni skrini. Monita nyingi za zamani bado hutumia VGA. Kadi za GeForce kuanzia kizazi cha Pascal, yaani mfululizo wa GTX 10, hazitoi tena ishara ya analojia. Tundu la DVI lililopo ni la dijitali peke yake, hivyo kile kiungo cha bei rahisi cha kugeuza DVI kuwa VGA hakifanyi kazi. Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye chipu ndani yake, cha kutoa HDMI kwenda VGA, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kasi ya kumbukumbu inasema zaidi ya jina

Baada ya umeme na nafasi, orodha ilibaki na majina machache: GT 1030, RX 6400, GTX 1050 Ti na GTX 1650. Hapa namba ya kutazama kwa makini ni kasi ya kumbukumbu.

GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo jingine lenye jina lilelile, ila kumbukumbu yake ni DDR4, na kasi ikashuka hadi 16.8. Linganisha na mashine yenyewe: vipande viwili vya RAM ya DDR3-1600 vikiwekwa kwa jozi hupitisha 25.6. Maana yake, mtu anaweza kulipia kadi yenye njia nyembamba kuliko ile inayotumiwa na grafiki ya ndani ya prosesa yake. Mfuko wa dukani huandika "GT 1030, 2 GB" kwa zote mbili. Soma aina ya kumbukumbu, usiishie kwenye ukubwa wake.

Kwa mhariri wa video, GT 1030 ina upungufu mkubwa zaidi: haina NVENC, ile sehemu ya chipu inayosimba video. RX 6400 ya AMD, ya mwaka 2022, nayo haina kisimbaji. Tena hutumia njia nne tu za PCI Express. Imekusudiwa toleo la 4, na kwenye madabodi ya toleo la 3 njia hizo nne hubaki na nusu ya kasi. Ni kadi ya wati 53 inayofaa gemu nyepesi, lakini kijana wetu ingemwacha pale pale kwenye kazi inayomlisha.

GTX 1050 Ti na GTX 1650 zote zina kumbukumbu ya gigabaiti 4, kikomo cha wati 75, na NVENC. Ya kwanza ni ya mwaka 2016, ina viini 768 na kasi ya gigabaiti 112 kwa sekunde. Ya pili ni ya 2019, ina viini 896 na kasi ya 128 kwa toleo la GDDR5. Zote mbili zina matoleo ya viwanda vingine yaliyoongezewa plagi ya pini 6, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Itazame kadi kwenye ukingo wake wa juu: kama kuna tundu la plagi, irudishe.

Umri wa draiva

Kadi hufa mara mbili: mara ya kwanza draiva inapoachwa, ya pili chipu inapoungua. NVIDIA imefunga ukurasa wa Maxwell na Pascal. Draiva zao za kawaida ziliishia Oktoba 2025, na kinachobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1050 Ti imo kwenye kundi hilo. GTX 1650 ni ya kizazi cha Turing, ambacho kilibaki ndani ya msaada.

Mfumo endeshi nao una sauti yake. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-3470 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kijana alikubali kuhamia Linux Mint na kuhariri kwa Kdenlive, programu ya bure inayoweza kutumia NVENC. Kwa hesabu hiyo yote, GTX 1650 isiyo na plagi ndiyo iliyoshinda.

Jihadhari na kadi za kughushi

Sokoni kuna kadi zinazojitambulisha kama GTX 1050 Ti kumbe ndani zimebeba chipu za miaka ya 2010 na 2011, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, zilizobadilishiwa BIOS ili ziseme uongo. Dalili ya kwanza iko nyuma ya kadi: tundu la VGA. Kwa kuwa chipu ya Pascal haitoi analojia, tundu hilo ni sababu tosha ya kusimamisha malipo na kuhoji. Ya pili ni programu ya GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huweza kuitambua chipu halisi na kuonya kwamba kadi ni feki. Omba kadi ichomekwe kwenye kompyuta ya duka, GPU-Z ifunguliwe mbele yako, ndipo utoe pesa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kufunga

Kazi ya mikono ni fupi ikiwa maandalizi yamekamilika. Tulianza kwa kupandisha BIOS hadi toleo la mwisho la Dell, mashine ikiwa bado na grafiki yake ya ndani. Kazi hiyo ifanyike kwenye umeme wa uhakika, ikiwezekana kwa UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati madabodi inaweza kuharibika kabisa.

Kisha tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukabonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Tulipuliza vumbi lote, kwani feni ya kadi mpya itavuta hewa hiyo hiyo. Kabla ya kuishika kadi tuligusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. 7010 ina sloti mbili ndefu, lakini moja imeungwa kwa njia nne tu. Kadi huingia kwenye ile iliyo karibu na prosesa. Shika kingo, sukuma kwa usawa mpaka lachi ibane, kisha funga kibanio cha bamba la nyuma. Kadi iliyolegea husababisha skrini nyeusi, na fundi asiye na subira huituhumu chipu.

Waya wa monita uhamishwe kwenye kadi. Mashine hizi huzima matundu ya madabodi zikiiona kadi, isipokuwa ukiruhusu skrini nyingi kwenye BIOS. Draiva tuliiweka kupitia kidhibiti cha draiva cha Mint, tukakubali toleo lililopendekezwa. Kisha amri ya nvidia-smi ikatuonyesha jina la kadi, joto na wati zinazotumika wakati video ikitolewa.

Faida na mipaka yake

Kilichobadilika ni utoaji wa video: kazi ya kusimba imehamia NVENC, na prosesa imepata nafasi. Faili hutoka mapema, japo kwa ubora uleule huwa kubwa kidogo kuliko ya usimbaji wa prosesa. Kisichobadilika sana ni athari na mabadiliko ya rangi ndani ya Kdenlive, maana sehemu kubwa ya kazi hiyo bado hufanywa na prosesa. Mwenye mashine anapaswa kuambiwa hayo kabla ya kununua, ili asije akadhani ametapeliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, mashine yenye diski ya kuzunguka na kipande kimoja cha RAM isipewe kadi kwanza. Iwekewe SSD, RAM ikamilishwe jozi, kisha ipimwe upya kwa kazi yenyewe. Kama prosesa bado inaelemewa wakati wa kutoa video, nunua kadi ya wati 75 isiyo na plagi, yenye kisimbaji na draiva inayoendelea kutunzwa. Kama haielemewi, pesa hiyo ina kazi nyingine, na fundi mwema ndiye atakayekuambia hivyo hata akikosa mauzo.