Bottle Shock na chupa iliyosahaulika: filamu, takwimu na mvinyo mwekundu wa California

Filamu ya Bottle Shock (2008) ina kila kitu cha kumfanya mtu asiyejua lolote kuhusu mvinyo akae mpaka mwisho. Kuna Alan Rickman akiigiza kama Mwingereza mwenye majivuno na duka la mvinyo Paris, kuna baba na mwana wasioelewana, kuna jua la Bonde la Napa, na kuna wanyonge wanaowashinda wakubwa. Kikundi chetu cha wanafunzi wa uzamili, ambacho hukutana kuonja mvinyo mwekundu wa California na kubishana, huitumia kumkaribisha mgeni. Mgeni anaipenda. Halafu tunaanza kuichambua.

Lawama yangu siyo kwamba imetia chumvi, maana filamu gani haitii chumvi? Lawama yangu ni kwamba imelichukua tukio ambalo kiini chake ni jaribio, ikalitupa jaribio lenyewe, ikabaki na kombe.

Tuanze na yaliyotokea. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier na mwenzake Patricia Gallagher waliwakalisha waamuzi tisa wa Kifaransa kwenye hoteli moja jijini Paris. Kulikuwa na mashindano mawili. La kwanza lilikuwa la mvinyo mweupe: Chardonnay sita za California dhidi ya nne za Burgundy. La pili lilikuwa la mvinyo mwekundu: Cabernet Sauvignon sita za California dhidi ya mivinyo minne ya Bordeaux. Kila mwamuzi alitoa alama kati ya 20 bila kujua anaonja nini. Kwenye mweupe ilishinda Chateau Montelena ya 1973. Kwenye mwekundu ilishinda Stag's Leap Wine Cellars ya 1973. Mwandishi wa habari aliyekuwepo alikuwa mmoja tu, George Taber wa jarida la Time, na bila yeye huenda dunia isingesikia.

Sasa filamu inasimulia ushindi gani? Wa Montelena peke yake. Hadithi nzima inazunguka chupa za mvinyo mweupe uliogeuka rangi ya kahawia na hofu ya kufilisika. Mwekundu umebaki pembeni. Warren Winiarski, aliyeacha kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago akahamia California mwaka 1964, na ambaye mvinyo wake wa ushindi ulitoka kwenye mizabibu iliyopandwa miaka mitatu tu kabla, hana hadithi humo. Hata Mike Grgich, mhamiaji kutoka Kroatia aliyeutengeneza huo mvinyo mweupe kwa mikono yake, kwenye filamu ni kama kivuli. Kimuziki ni sawa na kumsimulia mwenye bendi na kumsahau mpiga gitaa.

Ila kwa msomaji wa blogu hii, hasara kubwa zaidi ni ya takwimu, maana somo lenyewe lilikuwa kwenye mwekundu.

Angalia matokeo. Stag's Leap ilikuwa ya kwanza na Château Mouton Rothschild ya 1970 ya pili. Tofauti yao, kwa wastani, haikufika robo ya alama katika alama 20. Ya tatu na ya nne zilikuwa za Ufaransa. Ridge Monte Bello ya 1971, ya California, ilikuwa ya tano. Ya sita Ufaransa tena. Na nafasi ya 7 mpaka ya 10? Zote nne California. Ukipiga wastani wa kila upande, ile minne ya Ufaransa inaizidi ile sita ya California. Yaani sentensi kwamba California iliipiga Ufaransa ni kweli ukiangalia nafasi ya kwanza tu. Ukiangalia jedwali lote, inageuka.

Kuna jambo la pili ambalo mwanafunzi yeyote wa takwimu angelisema. Ukijumlisha alama za waamuzi moja kwa moja, mwamuzi anayetumia kipimo chote anapata kura nzito kuliko mwamuzi mpole. Tuseme mmoja anatoa kati ya 11 na 14, na mwingine anatoa kati ya 3 na 17. Huyo wa pili, akiuchukia mvinyo mmoja, anauzamisha peke yake. Pale ambapo mshindi na wa pili wanapishana kwa chini ya robo alama, ukali wa mtu mmoja unatosha kubadilisha historia.

Na je, matokeo yangejirudia? Mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mivinyo ileile myekundu ilionjwa tena, London na Napa. Safari hii Ridge Monte Bello, iliyokuwa ya tano, ilikuwa ya kwanza, na nafasi tano za juu zote zikaenda California. Waliokuwa wakisema mvinyo wa California hauwezi kuzeeka vizuri walinyamazishwa. Lakini tuwe waangalifu: mvinyo uliokaa chupani miaka 30 siyo kitu kilekile kikemia, kwa hiyo hilo halikuwa jaribio lilelile lililorudiwa. Lilikuwa swali jipya.

Swali la kujirudia lilikuja kupimwa vizuri hukohuko California. Robert Hodgson, mwanatakwimu na mtengeneza mvinyo, alipata ruhusa ya kuwajaribu waamuzi wa mashindano ya California State Fair. Kati ya mivinyo ipatayo 30 waliyopewa, aliingiza mvinyo uleule, kutoka chupa ileile, mara tatu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yaliwakera wengi: mwamuzi mmoja hivi kati ya kumi ndiye aliyeweza kuupa mvinyo huo daraja lilelile la medali mara zote. Kuna walioupa shaba na dhahabu katika kikao kimoja. Na hawa siyo watu wa kubahatisha. Kuonja ni kazi yao.

Majaribio mengine yanaelekea hukohuko. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea harufu yake kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wa Caltech na Stanford waliwapa watu 20 Cabernet Sauvignon wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Mvinyo uleule uliletwa mara mbili kwa bei mbili tofauti. Bei ilipopanda, watu walisema ni mtamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusishwa na raha ikachangamka zaidi. Bei zilipoondolewa baadaye, tofauti hiyo ikapotea.

Hapa ndipo watu wengi mitandaoni hukimbilia kusema, "Basi mvinyo ni usanii mtupu, wote ni sawa!" Hapana. Hilo ni kosa lilelile la filamu, limegeuzwa tu upande wa pili. Majaribio haya hayasemi kwamba hakuna kitu ndani ya glasi. Yanasema kwamba alama moja ya mtu mmoja kwa siku moja ni kipimo dhaifu, na kwamba lebo, rangi na bei huingia mdomoni kabla ya mvinyo.

Ndani ya glasi kitu kipo. Chukua ule ukakasi unaoukausha ulimi, kama wa ndizi mbichi au bibo. Hizo ni tanini, kutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kiasi kwenye mapipa ya mwaloni. Zinashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na mdomo unahisi kukauka. Au chukua harufu ya pilipili hoho kwenye Cabernet. Inatokana na kundi la kemikali za metoksipirazini, ambazo pua huzikamata hata kwa kiasi cha kupimwa kwa nanogramu. Zabibu zikiiva vizuri juani, kemikali hizo hupungua. Kwa hiyo hoho ndani ya glasi ni habari ya hali ya hewa. Joto hilo ndilo Amerine na Winkler walilolitumia mwaka 1944 kuigawa California katika kanda tano, kwa kujumlisha nyuzi za joto kuanzia Aprili mpaka Oktoba.

Na kuna Zinfandel, zabibu ambayo Wamarekani waliizoea kama yao kabisa. Mwaka 2001, Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake wa Zagreb walithibitisha kwa vinasaba kwamba ni zabibu ileile iitwayo Crljenak Kaštelanski kwenye pwani ya Kroatia. Grgich, yule aliyefanywa kivuli na filamu, alikuwa amesema kwa miaka mingi kwamba mizabibu hiyo inamkumbusha ya kwao. Hiyo peke yake ingetosha filamu nzima.

Ndiyo maana nasema cha kuhifadhi kutoka Paris 1976 siyo mshindi, ni tendo la kuficha lebo. Na hilo hata nyie mnaweza kulifanya nyumbani, tena kwa mpangilio bora kuliko wa Spurrier.

Sisi tunafanya hivi. Kila mmoja analeta chupa moja ya mvinyo mwekundu wa California, ya bei yoyote. Mtu mmoja anabaki jikoni, anazivisha chupa soksi, anazipa namba. Namba moja kati ya hizo ni mvinyo uliokwisha kuletwa, ili tuwapime waonjaji na siyo mvinyo peke yake. Mnaonja kidogo, mnatema (ndoo ni lazima), na kila mtu anaandika kabla ya yeyote kufungua mdomo kuongea.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na siyo kwa sababu za kitakwimu tu. Kwenye meza ya mvinyo, anayeongea kwanza kwa kawaida ni yule aliyesafiri, au aliyelipia chupa ghali. Wengine wanafuata. Dada mmoja wa maabara ya udongo, kila tukikutana, alikuwa akisema, "Jamani mimi sijui mvinyo," kisha anakaa kimya. Tulipoanza kuandika kwanza, karatasi yake ilisomeka "hoho". Karatasi nyingine mbili, za watu wasiokaa naye karibu, zilisomeka hivyohivyo. Kumbe alikuwa anazinusa pirazini muda wote huo. Kilichokuwa kikimziba mdomo ni adabu ya meza.

Mkitaka kwenda mbele zaidi, fanyeni jaribio la pembetatu. Kila mtu anapewa glasi tatu: mbili za mvinyo mmoja, ya tatu ya mvinyo mwingine. Itaje iliyo tofauti. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu. Mkiwa watu wanane na wanne wakapatia, msishangilie: uwezekano wa wanne au zaidi kupatia kwa bahati tu ni karibu asilimia 26. Sita au zaidi wakipatia, uwezekano huo unashuka mpaka karibu asilimia 2. Hapo mna haki ya kusema mivinyo hiyo miwili inatofautiana kweli midomoni mwenu. Kisha linganisheni bei zake. Mtacheka.

Kama hunywi pombe, kwa dini au kwa hiari, hukosi kitu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, kwa hiyo simsukumi mtu. Na jaribio maarufu kuliko yote ya namna hii lilikuwa la chai. Ronald Fisher alilieleza mwaka 1935: mwanamke anayedai kutambua kama maziwa yametiwa kabla au baada ya chai anapewa vikombe nane, vinne vya kila aina. Kuvipatia vyote kwa kubahatisha ni nafasi moja kati ya 70. Birika lako la chai linatosha.

Hukumu yangu kwa Bottle Shock basi ni hii. Itazameni, kwa sababu Rickman anachekesha na Napa inapendeza. Lakini filamu inawafundisha watazamaji kuheshimu medali mpya badala ya medali za zamani. Jina la Paris linaondoka, jina la Napa linaingia, na mnywaji anabaki palepale akisubiri kuambiwa kipi kizuri. Chupa ya Stag's Leap ya 1973 leo imehifadhiwa makumbusho ya Smithsonian, na lebo yake inasomeka vizuri. Siku ile ilipotufaa zaidi, lebo hiyo haikuonekana.

Kuna mvinyo wa Dodoma ambao watu huudharau kabla hata ya kuumimina. Sidai kwamba ungeshinda. Nadai kwamba hatujui mpaka tuuvishe soksi. Atakayejaribu, pamoja na waonjaji wasiopungua wanane, atuletee karatasi zake tuzihesabu pamoja.