Nakala za Michezo na Hukumu ya Jukwaa

Yasemwa mara kwa mara kwamba mchezo wa kuigiza uliomo kitabuni ni nusu ya mchezo, na kwamba nusu ya pili huzaliwa jukwaani. Usemi huo una haki, walakini haukutimia. Mtu aliyejiwekea nakala za michezo ya Kimarekani ya karne ya ishirini, kisha akazirudia baada ya miaka mingi, hugundua kwamba kitabu huhifadhi mambo ambayo jukwaa haliwezi kuyaonyesha, na pengine mambo ambayo jukwaa liliyakataa. Basi swali la mhakiki ni hili: nani aliyehukumu vema, mtungaji au jukwaa?

Katika Long Day's Journey into Night, Eugene O'Neill hupata faida kwa msomaji. Aliumaliza mchezo huo mwaka 1941, akataka usichapishwe mpaka ipite miaka 25 tangu kufa kwake. Alifariki mwaka 1953. Mjane wake aliutoa mwaka 1956, na mwaka huo huo ukachezwa kwa mara ya kwanza Stockholm. Maelekezo ya mwanzo yataja makabati mawili ya vitabu sebuleni: dogo lina Nietzsche, Marx na Ibsen; kubwa lina Dumas, Hugo na Shakespeare. Mtazamaji aliyeketi mbali hawezi kuyasoma majina hayo. Msomaji, kabla ya neno la kwanza kutamkwa, amekwisha kuiona nyumba iliyogawanyika, na baba na mwana wanapogombana juu ya vitabu katika sehemu ya nne, yeye hashangai; huona deni la zamani likidaiwa.

Lakini si kila kilichomo kitabuni kilistahili kuonekana. Tennessee Williams alikusudia katika The Glass Menagerie kwamba maneno na picha viangazwe ukutani wakati wa mchezo. Onyesho lililoanzia Chicago mwaka 1944 na kufika New York mwaka 1945 liliacha jambo hilo, naye Williams akalirudisha katika nakala ya kusoma. Hapo jukwaa lilikuwa na haki. Picha ya waridi za buluu hutokea ukutani kabla Laura hajasimulia kwamba ndilo jina alilobandikwa na kijana aliyempenda. Siri ya binti mwenye haya ilipasa kutoka kinywani mwake kwa shida. Ukuta ukiisema kwanza, yeye amenyang'anywa mali pekee aliyokuwa nayo.

Kinyume chake ni A Raisin in the Sun wa Lorraine Hansberry, uliochezwa Broadway mwaka 1959. Watu huukumbuka kwa zile dola 10,000 za bima na kwa jinsi Walter Lee anavyopoteza sehemu kubwa ya fedha hizo. Hata hivyo dada yake, Beneatha, ana vita vyake. Asagai, mwanafunzi kutoka Nijeria, humletea mavazi ya kwao, na kwa mzaha wenye ncha humshutumu kwa kuziharibu nywele zake kwa kuzinyoosha. Hansberry aliandika jibu: Beneatha akafunua kichwa mbele ya George Murchison, nywele zake zimekatwa fupi na kuachwa katika asili yake. Tendo hilo liliondolewa katika onyesho la kwanza. Nakala iliyopanuliwa ya mwaka 1987 ikalirudisha.

Mwenye nakala zote mbili na azilinganishe. Katika ile ya kale, Beneatha huvaa Afrika kama nguo, na nguo huvuliwa. Mtazamaji aweza kumcheka akaenda zake. Katika ile mpya, amejitendea jambo lisiloweza kufutwa jioni ile ile, na kicheko hukoma. Swali la Asagai, lililobaki likining'inia kwa miaka mingi, limepata jibu. Jukwaa halikupunguza dakika chache tu, lilimpunguza mtu.

Kwa hiyo apataye nakala mpya asiharakishe kuitupa ya zamani. Zikiwekwa bega kwa bega, moja huonyesha alichotaka mtungaji, na ya pili huonyesha walichokiondoa wenziwe. Na msomaji, ambaye hana tiketi ya kuuza wala pazia la kufungua, ana nafasi ya kuisikiliza kesi hiyo upya.