Karoti Tatu za Ushindi

Katika maonyesho ya mavuno yanayofanyika vijijini Uingereza kila Agosti na Septemba, karoti ndefu zinazoshinda mara nyingi hazikukua katika ardhi ya bustani. Ukitembea mashambani utajua kwa nini. Njia za miguu, ambazo sheria inalinda haki ya kila mtu kuzipita, hukatiza mashamba ya watu, hivyo unauona udongo kwa karibu. Kwenye vilima vya South Downs mwamba wa chini ni wa chokaa, na baada ya kulima vipande vya gumegume hutapakaa juu ya udongo. Mzizi wa karoti ukigonga jiwe hugawanyika. Karoti yenye miguu miwili hupikika vizuri tu, ila kwa mwamuzi haina nafasi.

Ndipo wakulima wa mashindano wakahamia kwenye mapipa. Bustani nyingi za watu binafsi hufunguliwa kwa wageni kupitia National Garden Scheme, mpango ulioanza mwaka 1927 kwa bustani 609 na kiingilio cha shilingi moja ili kuchangia huduma za wauguzi. Wageni huvutwa na maua. Kwangu mimi, ufundi wa kutazama uko nyuma ya banda la zana, yalipo mapipa hayo.

Pipa hujazwa mchanga. Mkulima huchoma mtaimbo na kuuzungusha mpaka apate shimo refu lenye umbo la pia, pana juu na jembamba chini, karibu mita moja kwenda chini. Shimo hilo hujazwa mboji iliyochekechwa laini, hupandwa mbegu chache, kisha miche hung'olewa ubaki mmoja. Mzizi hushuka bila kizuizi, ukifuata umbo la shimo. Mabega yake hufunikwa mchanga, kwa sababu yakipigwa na jua hugeuka kijani, na hiyo ni dosari.

Kazi ngumu zaidi ni kuchagua. Kanuni za shindano zikitaka karoti 3, ukileta 4 unaondolewa, hata ziwe nzuri namna gani. Na hizo 3 lazima zifanane kwa urefu, unene na rangi. Jitu moja kati ya karoti mbili za wastani huharibu sahani nzima. Kwa hiyo mkulima hupanda nyingi kuliko anazohitaji. Wakati wa kuvuna hulowesha mchanga kwanza ili mkia usikatike, kisha huosha kwa sponji akizungusha kuufuata mviringo wa karoti, maana kusugua kwa urefu huacha mikwaruzo. Majani hukatwa, vikonyo vikafungwa kwa uzi.

Wapo wanaosema huo si ukulima. Nakataa: kuujua mzizi kiasi hicho ni ukulima hasa. Ninachoona kimepungua ni kingine. Keki na jamu za mashindano huonjwa. Karoti hupewa alama kwa macho na mikono tu, na utamu wake hauna hata alama moja.