Wimbo Mmoja, Sahani Mbili

Wazee wa Marekani waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 huulilia wimbo wa Simon na Garfunkel, “The Sound of Silence”, kana kwamba ni sauti ya ujana usiotiwa najisi na biashara. Nilipokuwa mwanafunzi ng’ambo nami nilikaribia kusadiki hivyo. Lakini wimbo huo ulitolewa mwaka 1964 kwa magitaa yasiyo ya umeme, usipate wasikilizaji. Mwaka 1965 Tom Wilson, msimamizi katika kampuni ya santuri, aliutia gitaa la umeme na ngoma pasipo kuwashauri waimbaji. Januari 1966 ukashika nafasi ya kwanza. Basi kinacholiliwa ni kazi ya kampuni, na kazi njema. Hata hivyo mimi naichagua sahani ya kwanza: maneno yake yasikika.