Chanjo ya homa ya nguruwe: ni ya kirusi gani?

Wandugu, tangu Vietnam iruhusu chanjo za homa ya nguruwe ya Afrika nchi nzima, mwaka 2023, nasikia sentensi moja kwetu tuliosoma agronomia: "Dawa imeshapatikana, inabaki serikali iilete." Mimi hapana, sikubali. Kwanza chanjo si dawa, nguruwe aliyekwisha kushikwa haimusaidie. Hilo tulipite.

Shida kubwa iko kwenye kirusi chenyewe. Chanjo hizo ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Walichukua kirusi kilichotokea Georgia mwaka 2007, wakakiondolea jeni (kwa NAVET-ASFVAC ni moja tu, I177L), nguvu ya kuua ikapungua lakini mwili wa nguruwe unakitambua bado. Kazi nzuri sana. Ila kirusi kile ni cha jenotipu II. Jenotipu zinazojulikana zinapita 20, na huku Kivu ya Kusini wachunguzi walikuta IX na X. Kinga ya jenotipu moja mara nyingi haifiki kwa ingine. Basi mufugaji wa Kabare atalipa, nguruwe watakufa vilevile, na kisha hapo hata chanjo ya kuku hataiamini tena. Nani atamulaumu?

Tena hilo neno "hai" tusilipite mbio. Ureno, miaka ya 1960, walichanja nguruwe kwa virusi vilivyodhoofishwa. Wengi wakabaki na ugonjwa wa muda mrefu, mapafu kuvimba, vidonda vya ngozi, wengine wakafa. Vietnam yenyewe ilisimamisha chanjo Agosti 2022 juu nguruwe waliochanjwa walikufa, na wakubwa wakasema maagizo hayakufuatwa: ilikuwa ya nguruwe wa nyama wa wiki 8 mpaka 10. Kwetu nguruwe ananunuliwa sokoni bila karatasi yoyote. Nani atajua wiki zake?

Sisemi tukatae chanjo. Nasema tuulize imepimwa juu ya kirusi gani, mbele ya kuuliza bei. Mwenye kutafuta mada ya TFC ao memwari, iko hapo: kukusanya damu ya nguruwe wanaokufa, kijiji kwa kijiji, na kuipeleka labo ijulikane ni jenotipu gani. Lakini ufike mapema. Nguruwe akianza kukataa chakula asubuhi, mara nyingi mangaribi nyama yake imekwisha kuuzwa.