Mshairi Aliyenunua Maneno

Theo Angelopoulos (1935–2012), mwongozaji filamu wa Ugiriki, alijulikana kwa picha ndefu zisizokatwa. Filamu yake, Umilele na Siku Moja, ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1998. Mhusika mkuu, Alexandros, ni mwandishi mgonjwa mjini Thessaloniki anayemsaidia mtoto mkimbizi kutoka Albania. Anamsimulia kisa cha mshairi wa karne ya 19 aliyerejea kutoka Italia akiwa haimudu lugha ya kwao, akawa analipia kila neno jipya aliloletewa. Mtoto naye anaanza kumtafutia mzee maneno.

Wapo wanaolalamika kwamba filamu inakwenda polepole mno. Kwa maoni yangu, mwendo huo ndio unaolipatia neno uzito, kwani mtazamaji analisubiri pamoja na mzee. Kasoro iko kwingine: sauti ya Kigiriki tunayoisikia si ya Bruno Ganz, mwigizaji wa Uswisi aliyeigiza Alexandros. Filamu inayolithamini neno kiasi hicho haikupaswa kumwazimia mhusika wake mkuu sauti.

Hata hivyo, walimu wa lugha tuitazame. Sisi huwagawia wanafunzi orodha za msamiati. Mshairi yule alilifuata neno kwa wenyewe, akalilipia.