Mbaraka Mwinshehe na Bendi Zake Mbili

Wako wasemao kwamba Mbaraka Mwinshehe alifikia kilele chake katika Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, Japani, kwa maonyesho ya mwaka 1970. Wengine humpenda zaidi yule wa Super Volcano, aliyoiunda mwaka 1973 na kuiongoza mpaka alipofariki mwaka 1979. Msikilizaji wa Mapera, kule Mbinga kwenye nchi ya kahawa, aliyemjua kwa redio tu, yamkini ndiye mwamuzi mwema, maana ahukumuye ni sikio lake, si sifa ya bendi. Naye atatambua kwamba Mbaraka hakupata kuimba peke yake. Hata katika “Shida”, wimbo wa Super Volcano, sauti yake huegemea magitaa ya wenzake. Basi alinganishaye vipindi hivi hapimi bendi na mtu pweke, bali kundi na kundi.